Gari la mbio linachemka kwenye mnyoofu: tafuta hewa inakokwama

Swali la msomaji: Nina gari la saluni la mbio za lami, injini iko mbele, nguvu kama kilowati 200. Niliweka rejeta ya alumini iliyo nene zaidi, ya sentimita 70 kwa 40, nikapanua tundu la bampa na kufunga feni mbili za sentimita 30 pamoja na kava lake. Mizunguko miwili ya kwanza maji yanakaa nyuzi 92. Wa tatu yanafika 104, wa tano 112, nami nalazimika kupunguza mwendo. Ajabu ni kwamba joto linapanda zaidi kwenye mnyoofu mrefu (sehemu ya njia isiyo na kona), ambako nilitegemea upepo unipoze, halafu linashuka kidogo kwenye kona za polepole. Boneti ina matundu mawili karibu na kioo cha mbele. Ninunue rejeta kubwa zaidi?

Jibu:

Usinunue, ndugu yangu. Kwa hayo uliyoyaeleza, hiyo rejeta uliyonayo bado hujaitumia.

Kitu cha thamani kuliko vyote katika swali lako ni huo mnyoofu. Gari lenye rejeta ndogo huchemka kila mahali. Gari lenye feni dhaifu huchemka pitini, yaani kwenye kituo cha huduma kando ya njia, na kwenye kona za gia ya pili, kisha hupoa likishika kasi. La kwako linafanya kinyume: linapoa pale feni inaposaidia, linapanda pale ambapo upepo wenyewe ungetosha. Ni kweli kwamba kwenye mnyoofu ndipo unapokanyaga mafuta hadi mwisho, na injini inamwaga joto jingi zaidi kwenye maji, kwa hiyo nyuzi mbili tatu za kupanda kabla ya breki hazinishtui. Kinachonishtua ni kwamba hazirudi, na kila mzunguko unaanzia juu ya ule uliotangulia. Hiyo ni dalili ya hewa iliyofika mbele ya rejeta ikakosa pa kwenda.

Kabla hujagusa bati, ondoa shaka ya gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloki ya injini na kichwa chake (hedi). Washa injini ikiwa baridi kabisa, ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja, maji hata hayajapata joto, basi gesi ya mwako inapenya kwenye maji, na hakuna njia ya hewa itakayoponya hilo. Mapovu yasiyokoma kwenye tangi la akiba yanasema jambo lilelile. Kagua pia mfuniko wa rejeta. Maji matupu chini ya mfuniko wa bar 1 huchemka karibu na nyuzi 120; mfuniko uliolegea unakurudisha karibu na 100, na hapo hiyo 104 yako tayari ni mvuke ndani ya hedi. Vikiwa salama hivyo viwili, tuingie kwenye hewa.

Hewa hupita ndani ya rejeta kwa sababu ya tofauti ya presha kati ya uso wake na mgongo wake. Hakuna sababu nyingine. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, hewa inayosimamishwa kabisa mbele ya bampa inajenga presha ya takriban paskali (kipimo cha presha) 460, ambayo ni sawa na safu ya maji ya milimita 47 tu. Kwa kilomita 200 inakuwa mara nne, kwa kuwa presha hupanda kwa mraba wa kasi. Huo ndio mtaji wako wote. Wavu wa kuzuia mawe unakula sehemu, mapezi (vibati vyembamba vya kupozea) na mirija ya rejeta inakula sehemu, na salio ndilo linaloisukuma hewa itoke nje. Sasa chumba cha injini kikiwa na presha inayokaribia ile ya mbele, hewa inasimama, hata ukitoboa bampa kwa upana wa dirisha.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kupanua matundu. Chukulia maji yanatakiwa kuachia kilowati 100 za joto, kiasi cha kukadiria kwa injini kama yako ikichapwa kazi. Hewa ya nje ina nyuzi 30, inatoka nyuma ya rejeta ikiwa na 65. Kilo moja ya hewa inabeba karibu kilojuli 1 kwa kila nyuzi, kwa hiyo inaondoka na kilojuli 35, na wewe unahitaji kilo 2.9 kila sekunde. Hizo ni kama mita za ujazo 2.5. Uso wa rejeta yako ni mita za mraba 0.28, hivyo hewa inapita ndani yake kwa mita 9 hivi kwa sekunde, mwendo wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Lakini gari lenyewe linakimbia mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa. Ili kukusanya hewa hiyo kwa kasi hiyo unahitaji tundu la mita za mraba 0.0625, ambalo halifiki hata robo ya uso wa rejeta. Kwa kilomita 90 kwa saa unahitaji 0.1, yaani theluthi moja na ushei.

Kwa maana hiyo tundu lako la zamani huenda lilitosha. Ulipolipanua, hewa ya ziada ilifika, ikakuta foleni, ikamwagikia pembeni ya bampa na kuongeza ukinzani wa hewa kwa gari. Umelipa kwa kasi na hukupata upoaji.

Foleni inaanzia wapi? Chungulia nyuma ya bampa kwa tochi. Nina hakika kubwa utaona nafasi kati ya tundu la bampa na rejeta, pembeni, juu na chini, kwa sababu ndivyo karibu kila gari la barabarani linalogeuzwa kuwa la mbio linavyokuwa baada ya plastiki zake za kiwandani kuvuliwa ili kupunguza uzito. Mwanya wa sentimita 1 kuzunguka rejeta ya 70 kwa 40 unaonekana mdogo. Mzingo ni mita 2.2, kwa hiyo mwanya huo ni mita za mraba 0.022, na hewa inapita hapo bila kizuizi cha mapezi. Kwa tofauti ya paskali 500 inachomoka kwa kasi inayokaribia mita 30 kwa sekunde, mara tatu ya ile inayopita ndani ya rejeta. Kwa kuwa mkondo wa hewa hujibana unapopita kwenye mwanya, unapoteza karibu mita za ujazo 0.4 kila sekunde, na ubaya wake haukomi hapo. Hewa hiyo haijabeba joto lolote, lakini inakwenda kujaza chumba cha injini na kupandisha presha ya nyuma. Inakuibia mbele, kisha inakuzibia nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziba. Tengeneza kuta nne kutoka ukingo wa tundu la bampa hadi fremu ya rejeta. Kwa majaribio tumia plastiki ya mabango ya matangazo, ile yenye mifereji ndani. Inakatwa kwa kisu na inashikwa kwa tepu ya alumini. Ukiridhika na umbo, hamishia kwenye bati la alumini la milimita 1 na ribiti. Pale bati linapokutana na bampa au boneti weka sponji isiyofyonza maji, ibanwe kiasi inapofungwa. Rejeta yenyewe iendelee kukaa juu ya mipira yake. Usiifungie kuta kwa ugumu kiasi cha kuifanya ibebe bampa, kwani mtikisiko utapasua viungo vya tangi lake.

Umbo la kuta nalo lina maana yake. Hewa inaingia kwa kasi kupitia mdomo mdogo, inapanuka taratibu kuelekea rejeta, inapungua kasi, na kasi iliyopotea inageuka kuwa presha. Huo ndio ubadilishaji tunaoutaka. Ukuta ukifunguka zaidi ya nyuzi 7 hivi upande mmoja, hewa inauachia ukuta, inaanza kuzunguka pembeni, na pembe za rejeta zinabaki hazina kazi. Kwenye saluni nafasi ni fupi na pembe hiyo huwezi kuipata kila mahali. Ukilazimika kufungua zaidi, fanya hivyo karibu kabisa na rejeta, umbo la mdomo wa tarumbeta, kwani pale kizuizi cha rejeta yenyewe kinaisaidia hewa kutawanyika. Ukingo wa tundu uwe wa mviringo. Bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kuvalishwa kwenye ukingo linatosha sana. Ukingo mkali wa bati unaikata hewa mlangoni kila gari linapoelekea pembeni kidogo.

Watu wa ndege walilifikiria jambo hili mapema. Mwaka 1935, huko Farnborough, Uingereza, mhandisi F. W. Meredith alieleza jinsi njia ya hewa iliyopangwa vizuri inavyoweza kurudisha sehemu ya ukinzani unaoletwa na rejeta, kwa kuwa hewa iliyopata joto na presha inaweza kutolewa nyuma kwa kasi. Ndege ya kivita ya P-51 Mustang, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, ilibeba wazo hilo chini ya tumbo lake: mdomo mdogo, njia inayopanuka, rejeta, kisha njia inayobanwa tena. Sisi huku chini hatuna kasi ya kupata msukumo wa maana kutoka kwenye rejeta, kwa hiyo usitafute hilo. Mimi napenda kuwaonyesha watu mambo mawili mengine ya ndege ile. Mdomo wake ulitengwa kidogo na tumbo, ili usimeze ile hewa mvivu inayojikokota juu ya bati. Na joto lilidhibitiwa kwa mlango wa kutokea. Kwenye matoleo yake ya baadaye mdomo wa kuingilia ulikaa ulivyo; ukifungua nyuma hewa inapita, ukibana nyuma inapungua, bila kugusa mbele.

Sasa angalia mlango wako wa kutokea. Matundu yako mawili yako karibu na kioo, na hapo ndipo ilipo shida kubwa kuliko zote. Hewa inayopanda juu ya boneti inagonga kioo na kupunguza kasi, na presha ya eneo hilo inapanda. Ndiyo maana watengenezaji wa magari huweka hapo tundu la kuvutia hewa ya ndani ya gari. Unapokwenda kasi, matundu yako yanaingiza hewa kwenye chumba cha injini badala ya kuitoa. Niliwahi kufanya kosa hilohilo kwenye gari nililolijenga kwa mikono yangu, nikazunguka msimu mzima nikilaumu pampu ya maji, mpaka siku nilipobandika nyuzi za sufi kuzunguka matundu na kuona zote zinazama ndani. Wanaoinua boneti nyuma kwa kuweka washa (vibati vya duara vya bolti) chini ya bawaba zake wanapata matokeo hayohayo: pitini mvuke unatoka vizuri na kila mtu anafurahi, kwenye mnyoofu mambo yanageuka.

Presha ya chini kwenye boneti iko mbele, muda mfupi baada ya hewa kupinda kutoka puani na kuanza kupanda, mara nyingi ndani ya theluthi ya kwanza ya boneti. Hapo hewa ya nje inakimbia, na inavuta. Gari la mbio la Ford GT40, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1968 na 1969, ilitolea hewa ya rejeta juu ya pua, mahali hapohapo. Kata tundu pana kutoka upande hadi upande, moja kwa moja nyuma ya rejeta, na weka bati la mteremko linaloanzia chini ya rejeta likipanda hadi ukingo wa nyuma wa tundu, ili hewa moto itoke bila kuingia kabisa kwenye chumba cha injini. Kama nafasi inaruhusu, ilaze rejeta ili sehemu ya juu iende mbele. Mgongo wake utatazama juu na hewa itapinda kidogo zaidi. Kwa ukubwa wa tundu la kutokea, anzia na mara moja na nusu ya tundu la kuingilia. Hewa ya nyuzi 65 imepanuka kama asilimia 12 kuliko ilivyoingia, na bado inabeba msuguano wa njia nzima. Mbele ya tundu hilo simamisha ukingo wa milimita 15 hadi 20. Unairusha hewa ya nje juu kidogo na kuacha presha ya chini nyuma yake, na kwa kipande kidogo kama hicho sijaona kitu kinacholipa zaidi.

Faida haziishii kwenye maji. Hewa ya rejeta inayotokea chini ya gari inajaza nafasi kati ya sakafu na lami na kuinyanyua pua. Ikitokea juu, usukani unakuwa mzito zaidi kwenye kona za kasi. Na injini inayovuta hewa ya nyuzi 65 badala ya 30 inapata hewa pungufu kwa takriban asilimia 10 kwa ujazo uleule. Hakikisha tu mdomo wa kichujio cha hewa haukai nyuma ya tundu jipya.

Kanuni za daraja lako zikikataza kukata boneti, tafuta njia kupitia madigadi, nyuma ya gurudumu la mbele, ambako presha huwa ndogo. Ni kazi ngumu zaidi na matokeo yake ni madogo, lakini ni bora kuliko chumba kilichofungwa.

Feni zako sasa. Miduara miwili ya sentimita 30 ina eneo la mita za mraba 0.14, na rejeta ni 0.28. Kava likiwa bati zima, nusu ya mgongo wa rejeta imefungwa, na kwenye mnyoofu nusu hiyo inapumua kwa shida. Hicho ni kipande kingine cha jibu la kwa nini kona za polepole zinakupoza. Kata madirisha kwenye pembe za kava na uning'inize juu yake vipande vya mpira mwembamba: gari likisimama, feni inavivuta na kuvifunga, likikimbia, upepo unavifungua. Kama hupangi foleni ndefu kabla ya kuanza mbio, ondoa feni moja kabisa na sehemu yake ya kava.

Unene wa rejeta haunivutii. Safu ya kwanza ya mirija inapata hewa ya nyuzi 30, ya mwisho inapata hewa iliyokwisha kupashwa, na presha inayohitajika kuivusha imeongezeka. Katika gari lenye presha kidogo kama lako kwa sasa, rejeta nene inaweza kupoza vibaya kuliko nyembamba. Kama kipoza oili kimefungwa mbele ya rejeta, kihamishie kwenye njia yake yenyewe.

Utasikia pia ushauri wa kutoa themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka yapate joto), au wa kupunguza kasi ya maji ili “yapate muda wa kupoa”. Maji yanayokwenda haraka hupoza vizuri zaidi, si vibaya. Ukitoa themostati weka mahali pake kipande cha bati chenye tundu, kwa sababu kizuizi hicho kinadumisha presha ndani ya bloki na hedi na kuzuia mvuke kujitengeneza kwenye sehemu zenye moto mkali. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kabla ya msumeno kugusa boneti, pima. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje umbo la U kwenye ubao ndani ya gari, tia maji ya rangi, na weka rula pembeni. Ncha moja iende mbele ya uso wa rejeta ikitazama pembeni, isitazame upepo. Nyingine nyuma ya mgongo wake, mbali na feni. Simu irekodi video. Milimita 1 ni karibu paskali 10. Kwa kilomita 144 kwa saa mtaji wote ni kama milimita 95, na kipimo cha milimita 15 au 20 kati ya mbele na nyuma kinamaanisha rejeta haipumui. Kisha acha ncha moja ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa, na upime mbele peke yake, halafu nyuma peke yake. Mbele juu na nyuma juu, tatizo ni njia ya kutokea. Mbele chini, hewa inavuja kabla haijafika.

Anza na jaribio lisilo na gharama. Siku ya mazoezi ziba matundu ya boneti kwa tepu, zungusha mizunguko mitano kwa mwendo uleule, kisha ziba mianya yote ya rejeta kwa sponji na tepu, uzungushe mingine mitano. Mwishowe funika robo ya tundu la bampa. Joto lisipobadilika, tundu hilo lilikuwa kubwa kupita haja. Niandikie joto la mwisho la kila awamu pamoja na vipimo vya mpira wa maji, na ueleze rejeta iko umbali gani kutoka ukingo wa mbele wa boneti, ndipo nitakuchorea mstari wa kukata.